Mnyama Hakuwamo

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa wavuvi upande wetu wa Tanzania, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wapate kuzaliana, mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, uliingiwa na utulivu ambao sikuuzoea. Boti za abiria ziliendelea kupakia watu na magunia kuelekea Mwamgongo na Kagunga, lakini pale panapoanikwa dagaa palikuwa patupu, na katika kibanda cha fundi ninayemtembelea jioni nikitoka kufundisha, taa za wavuvi zilikoma kuletwa. Miezi mingine meza yake hujaa taa za LED zilizoingia maji, nyaya zilizoshika kutu na betri za pikipiki zilizokufa. Nadhani ni ukosefu wa kazi uliotufanya tulichukulie kwa uzito swali la mpwa wangu, swali ambalo wakati wa giza la mwezi, wavuvi wanapotoka kila usiku, tungelicheka tu na kuliweka kando.

Alikuwa amenunuliwa begi la shule la mtumba katika soko la Mwanga, na kwenye mfuko wake mdogo alikuta kidude cha plastiki chenye mkanda wa kuvaa mkononi, umbo lake ni la ile alama inayoonyesha mahali kwenye ramani za simu, na katikati kitufe cheupe. Nilikitambua kwa picha nilizowahi kuziona. Ni Pokémon GO Plus, kilichotoka Septemba 2016, miezi michache baada ya mchezo wenyewe wa Pokémon GO kulipuka duniani Julai mwaka huohuo. Mchezaji hutembea barabarani simu ikiwa mfukoni. Mnyama wa kubuniwa akiwa karibu, kidude hutetemeka na kuwaka kijani, na mchezaji akibonyeza kitufe, simu hujaribu kumnasa mnyama kwa niaba yake. Kikiwaka bluu, amefika kwenye kituo cha kuokotea vifaa vya mchezo. Nilimweleza mpwa wangu haya yote, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mjomba, huyo mnyama anakaa wapi humo ndani?"

Ningeweza kumjibu palepale. Nafundisha fizikia, na nilijua hamna mnyama. Hata hivyo nilimwambia tufungue tuone, na tangu siku ile nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema hivyo. Sehemu ndogo ilikuwa kwa ajili ya mtoto. Sehemu kubwa ilikuwa tamaa yangu ya siku zote: siwezi kushika kitu kilichofungwa bila kuhisi kwamba ukweli wake umo ndani, na kwamba mwenye kukifunga ananificha mimi hasa.

Fundi alikigeuzageuza kidude mkononi, akauliza, "Kina ugonjwa gani?" Nikamwambia hakina ugonjwa, betri tu imeisha, tunataka kuona. Alinitazama kidogo. Hakukataa, lakini nilimwona hajaridhika, na wakati ule sikuelewa ni kitu gani kilichokuwa kikimkera. Alitandaza kitambaa, akaanza kulegeza skrubu kwa bisibisi yake ndogo ya saa, na kila alichokitoa akakilaza kwa mpangilio wa kilivyotoka, kutoka kushoto kwenda kulia.

Ya kwanza kutoka ilikuwa betri, ile ya duara iliyoandikwa CR2032. Mpwa wangu aliisoma namba kwa sauti. Fundi, ambaye aliishia darasa la saba, akamwambia kwamba 20 ni milimita za upana wake, na 32 ni unene, milimita 3.2, na nguvu yake ni volti 3. Nimenunua betri hizo miaka na miaka, na sikuwahi kufikiri kwamba namba zile zinasema kitu. Nilinyamaza, nikaacha mtoto adhani nilikuwa najua.

Baada ya betri ikaja bodi yenyewe, ndogo kuliko kidole gumba changu. Ilikuwepo taa inayobadilisha rangi, imekaa chini ya kile kitufe. Ilikuwepo mota ndogo yenye uzito ulioelemea upande mmoja, ikizunguka haiwezi kutulia, na huko kutotulia ndiko kutetemeka tunakokusikia mkononi. Ilikuwepo chipu moja kubwa kuliko nyingine, ambayo kwa lenzi ya fundi na kwa shida ya macho yangu tuliisoma DA14580. Hiyo ni chipu ya Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme, ndani yake mna kichakataji cha ARM Cortex-M0 kinachokwenda kwa megahezi 16. Spika haikuwepo. Kioo hakikuwepo. Kifaa cha kupokea ishara za setilaiti, ambacho mimi nilikuwa nakitegemea kwa sababu mchezo wote ni wa kutembea na kujua uko wapi, hakikuwepo nacho. Kidude cha kutafutia wanyama mahali mbalimbali hakijui kiko mahali gani.

"Kwa hiyo hayumo," akasema mpwa wangu.

Nikaanza kueleza. Simu ndiyo inayojua mahali, kwa kusikiliza setilaiti. Simu huziambia kompyuta za wenye mchezo, wakati ule kampuni ya Niantic iliyoutengeneza, nazo ndizo huamua ni mnyama gani yuko wapi na kwa muda gani. Jibu hurudi kwenye simu, simu hukiambia kidude kwa Bluetooth, kidude hutetemeka. Kila hatua niliyoieleza aliipokea, na kila nilipomaliza aliuliza kama basi mnyama anakaa hapo. Kwenye setilaiti? Hapana. Kwenye simu? Si hasa. Kwenye hizo kompyuta? Nikasema huko kuna namba tu. Akasema hata mnyama wa namba lazima awe na mahali pake. Fundi akacheka. Mimi sikucheka, maana niliona kwamba mtoto hakushindwa kuelewa. Mimi ndiye nilikuwa nimeishiwa.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2018 mtaalamu wa programu, Yohanes Nugroho, alieleza hadharani jinsi alivyoichambua chipu hiihii. Mchezo haukubali kuzungumza na kidude chochote mpaka kithibitishe kwa ufunguo wa siri kwamba ni cha kweli, na ufunguo huo umehifadhiwa ndani ya kidude. Kwa hiyo tamaa yangu haikuwa ya kipumbavu kabisa, siri ilikuwemo. Lakini hata siri hiyo, nikiitafakari, haina maana peke yake. Ufunguo unahitaji mlango, na mlango uko kwingine. Sisi tulikuwa na bodi nzima juu ya kitambaa, kila kiungo chake kikiwa kizima, na hatukuwa na mchezo. Simu ya dada yangu, mama wa mtoto, ilikuwa imejaa, haina nafasi ya kupakua chochote.

Ndipo nilipoanza kufikiria wanafunzi wangu. Nimewafundisha kuchora mota na kutaja sehemu zake, na wanaotaja vizuri nimewapa alama nzuri, nami nikaenda nyumbani nikiamini nimewapa mota. Sijui kama niliwapa. Sijui pia ningefundisha vipi vingine, maana mtu lazima aanzie mahali fulani, na kutaja sehemu si dhambi.

Hapa Kigoma tuna historia kubwa ya kufungua na kufunga, na nimeisimulia darasani bila kuiwaza. Meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ikaundwa, kisha ikafumuliwa, ikapakiwa kwenye makasha 5,000 yakaletwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha kwa reli ya kati hadi hapa, ikaungwa upya na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaelemea, Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isichukuliwe. Lakini mafundi walioamriwa kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiibua 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Zamani nilipowasimulia wanafunzi niliharakisha kufika kwenye miaka. Sasa naisimamisha akili yangu kwenye grisi. Mtu anakiharibu kitu kwa amri, na mkono wake unamwaza mtu asiyemjua atakayekuja kukifungua.

Nafikiri hilo ndilo lililokuwa likimkera fundi. Yeye hufungua kitu akijua kitarudi kwa mtu anayekingoja, mvuvi ambaye usiku ule hana taa ya kuwavutia dagaa. Ugonjwa ndio unaomwelekeza: akishaupata, anaacha kuchimba na kufunga. Mimi niliyefungua kwa kutaka kuona sikuwa na pa kuishia, ndiyo maana niliendelea kuomba tubandue hata kibamba kilichofunika upande wa pili, naye akasema, "Mwalimu, hapo panatosha." Nilikasirika kimoyomoyo. Sijaamua bado kama alikuwa na haki. Wapo walioijua dunia kwa sababu walikataa kuambiwa panatosha, na Nugroho ni mmoja wao.

Tulikifunga kwa kufuata ule mpangilio wa kitambaani, kulia kwenda kushoto, tukaweka betri mpya. Kitufe kilipobonyezwa taa iliwaka kidogo, ikazimika, kwa kuwa haikupata wa kuzungumza naye. Mpwa wangu hukivaa akienda dukani. Ziwa lilishafunguliwa, taa za wavuvi zimerudi mezani, na juzi fundi ameniuliza kama naweza kumwombea ile mota ndogo ya kidude, kwani ana simu ya mteja asiyesikia vizuri, naye hutegemea mtetemo kujua anapigiwa. Mtoto anasema kidude kikitolewa mota mnyama hatakuja tena. Wote wawili wanangoja niseme neno, na sijasema.