Pilipili ya Bububu

Msomaji wangu, wiki iliyopita kama ulinitafuta mjini hukunipata. Nilikuwa Unguja, Bububu. Na kabla hujaanza kunisengenya, nakwambia mapema: sikwenda kujirusha.

Mama yangu tulimzika kule wakati wa masika, mvua inamwagika mpaka tukafika makaburini viatu mkononi. Toka siku ile sikukanyaga tena. Dada akipiga simu, jibu langu moja tu: kazi nyingi. Kazi gani? Uongo mtupu. Nilikuwa naiogopa ile nyumba isiyokuwa na mtu wa kuniuliza nimekula nini.

Safari hii dada hakubembeleza. Alisema, "Embe za mama zishaanza kuanguka. Usipokuja, zitaliwa na popo." Akakata simu.

Basi nikashuka bandarini Malindi, nikadandia daladala namba 502, nikabanwa katikati ya ndoo ya dagaa na mwanafunzi anayesinzia. Tulipopita Mtoni, alikozaliwa Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, mwaka 1844, konda mmoja mjuaji akaanza kuwasomesha abiria kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wa gari la moshi. Kweli reli ilikuwepo. Wamarekani waliijenga kutoka Ngome Kongwe, kama kilomita 11, ikaanza kazi 1905, magari ya barabarani yakaja kuiua miaka ya 1920. Lakini kitabu cha Bibi Salme kilitoka 1886 na Bububu imo! Mimi nawaamini wanaosema ni mlio wa maji yanayobubujika, maana chemchemi za huko ndizo alizozivuta Sultani Barghash mpaka mjini. Sikumbishia konda. Ukibishana na konda unashushwa njiani.

Sasa hii vuli, jamani, ni msimu wenye kichaa. Kusi limechoka, kaskazi halijafika, bahari imelala kama sinia. Saa nne jua linachoma utosi. Saa sita wingu linatokea upande wa Kidichi, mvua inapiga mabati dakika kumi, halafu jua tena kama hakuna kilichotokea. Nami nikawa hivyo hivyo. Asubuhi nacheka na wapwa zangu mpaka mbavu zinauma, mchana naiona mbuzi ya mama ya kukunia nazi imeegeshwa ukutani, koo linakaba.

Dada akaniona. Akanimenyea embe bichi, akalipaka chumvi na pilipili. "Kula. Usinitazame."

Nikakalia ile mbuzi, nikala. Meno yakafa ganzi. Nikaomba jingine.

Jioni nikateremka pwani. Vijana wanasakata mpira mchangani, magoli ni makubazi yao wenyewe, na kila dakika ugomvi: goli, si goli! Nikanunua bakuli la urojo kwa mama mmoja mwenye kibanda chini ya mti. Bajia, kachori, viazi, mishikaki miwili, na ule ukwaju unaokufanya ufumbe jicho moja. Mama alikuwa na mkono kama ule. Machozi yakanitoka, nikaona soo, nikasingizia: "Pilipili yako kali, shangazi."

Akanitazama. "Pilipili yenyewe sijatia bado, yakhe."

Hakuuliza zaidi. Akaniongezea bajia mbili, na pesa yake hakutaka.

Siku ya pili dada akaniamsha alfajiri twende makaburini. Majani yalikuwa yameota mpaka magotini. Tukang'oa, tukasoma Fatiha, hatujaitikia Amin vizuri mvua ikashuka. Tukakimbilia chini ya mwembe wa jirani, kanga ya dada juu ya vichwa vyetu viwili, tunacheka kama tulivyokuwa tukicheka tukirudi chuoni tumelowa, mama anatusubiri mlangoni na fimbo asiyoitumia. Katikati ya kicheko dada akaanza kulia. Nikamshika bega. Mvua ikakatika, naye akakatika, akasema ana njaa.

Nilipanga kulala usiku mmoja. Nikalala minne. Kwenye boti ya kurudi nilipakata mfuko wa boribo zilizoiva kupita kiasi, zikanichuruzikia suruali nzima, na abiria wa pembeni akaniomba moja.

Nikampa mbili.