Ahadi ya Chupa

Mnunuzi wa Tandika au Manzese huiamini karatasi ya chupa kama aaminivyo mizani ya duka. Huko Marekani, mwaka 2009, wanywaji waliishtaki kampuni ya Coca-Cola kwa kinywaji kiitwacho Vitaminwater, chenye gramu 33 za sukari katika chupa. Kampuni ikajitetea kwamba hapana mnunuzi mwenye busara ambaye angekidhania kuwa cha afya. Ajabu ya utetezi! Mwaka 2010 Jaji John Gleeson alikataa kuifuta kesi hiyo. Tanzania nayo, sheria ya mashauri ya madai ya mwaka 1966 humruhusu mmoja, kwa idhini ya mahakama, kudai kwa niaba ya wengi. Mlango upo, lakini nani wa Tandika atapoteza kutwa ya kibarua kwa ajili ya bei ya chupa moja?