Yungiyungi dogo la Mashyuza

UKISHUKA kutoka Kamembe, kusini magharibi mwa Rwanda, kuelekea bonde la Bugarama, joto linaongezeka kadiri barabara inavyokwenda chini. Bondeni kuna mashamba ya mpunga, na mipaka ya Kongo na Burundi iko jirani. Hapo Mashyuza kuna chemchemi ya maji moto ambayo watu huenda kuoga.

Pembeni mwa chemchemi hiyo, mwaka 1987, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Eberhard Fischer, alikuta yungiyungi dogo kuliko yote yanayojulikana duniani. Majani yake yanaweza kuwa na upana wa sentimita 1 tu, na ua lake ni jeupe lenye kiini cha manjano.

Udogo huo haukulizuia kuchagua mahali pa kukaa. Maji yalipotoka ardhini yalikuwa moto kupita kiasi, kama nyuzi 40. Yalipotiririka na kupoa hadi nyuzi 25 hivi, ndipo lilipoota, kwenye tope bichi. Eneo lake lilikuwa mita chache tu. Baadaye maji yakaelekezwa kwenye matumizi mengine, tope likakauka, na kufikia mwaka 2008 yungiyungi halikuonekana tena.

Kwa bahati, Fischer alikuwa amepeleka mimea michache kwenye bustani ya Bonn, Ujerumani. Mwaka 2009 mbegu na miche zilifika Kew, London, mikononi mwa Carlos Magdalena. Naye akaipanda chini ya maji, kama ilivyo desturi ya mayungiyungi mengine. Mbegu ziliota, lakini miche ikadhoofika na kufa mmoja baada ya mwingine.

Jibu lilikuwa Mashyuza. Yungiyungi hili liliishi topeni, si kwenye kina. Magdalena akaweka vyungu kwenye maji ya nyuzi 25, udongo ukiwa usawa wa maji, ili miche ipate kabonidaioksaidi ya hewani. Miche ikanawiri, na Novemba mwaka huo ua la kwanza likachanua.

Anayefuga mimea ya maji nyumbani ana la kujifunza hapo. Tangi refu la samaki, hata liwe safi namna gani, lingeizamisha miche hii. Bakuli pana lenye tope na maji ya uvuguvugu lingeifaa zaidi. Mmea unaponyauka, kabla ya kuongeza mbolea au kubadili maji, ni vizuri kujua kwao ni wapi na huko huishije.

Tamaa nayo haikukosekana: Januari 2014 mche mmoja uliibwa Kew. Lakini mwaka 2023 ikatoka habari njema, kwamba yungiyungi limeonekana tena huko huko Mashyuza. Kuendelea kuwapo kwake nyumbani kunategemea jambo moja: maji ya chemchemi yaachwe yafike topeni.