Tamaa ya nguvu nusura itupeleke kaburini

Mpenzi msomaji, ikiwa nyumbani kwako yumo kijana anayependa magari, au ikiwa wewe mwenyewe ndiwe kijana huyo, naomba leo tukae kitako tuzungumze. Nina kisa cha gari, injini na tamaa. Si kisa cha kuhadithiwa. Ni changu mwenyewe, na hadi leo nikikikumbuka viganja hunitoka jasho.

Marehemu baba aliniachia gari aina ya Mazda RX-7 lililoundwa mwaka 1979. Kama hulijui gari hili, ni dogo, la milango miwili, lililo chini chini kama linalonyemelea kitu, na taa zake za mbele hujificha ndani ya boneti mpaka uziwashe. Baba alilinunua mwaka 1989 kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa gari la Jumapili. Alilipangusa kwa kitambaa, akatupakia mmoja mmoja kwa zamu, akatuzungusha mtaani na kurudi. Alipofariki niliapa kwamba sitaliuza hata nikosapo nauli ya matatu.

Kilicholifanya gari hilo kuwa la ajabu ni injini yake. Injini za magari mengi unayoyaona barabarani zina pistoni zinazopanda na kushuka, kama mchi ndani ya kinu. Hii haina pistoni wala vali. Ndani yake mna vyuma viwili vinavyozunguka, viitwavyo rota. Kila rota ina pembe tatu, mfano wa sambusa iliyovimba mbavu, nayo huzunguka ndani ya chumba chenye umbo la ganda la karanga ya mbegu mbili. Katika kuzunguka huko hewa na petroli huvutwa ndani, hubanwa, huchomwa, kisha moshi husukumwa nje. Ndiyo sababu injini hiyo haitikisiki sana, bali hulia kwa sauti nyembamba ya mfululizo kama cherehani.

Aliyebuni mtambo huo alikuwa Mjerumani, Felix Wankel, lakini walioukomaza ni Wajapani wa kampuni ya Mazda. Kazi hiyo haikuwa rahisi. Kwenye kila pembe ya rota kuna chuma chembamba cha kuziba, na vyuma hivyo vilikuwa vikikwaruza ukuta wa chumba na kuacha michirizi ambayo wahandisi wenyewe waliibandika jina la kucha za shetani. Kundi la wahandisi 47 chini ya Kenichi Yamamoto lilihangaika miaka kadhaa mpaka likapata dawa, na mwaka 1967 gari la Cosmo Sport likatoka. Likumbuke jambo hili, msomaji wangu, kwa maana nitalirudia. Wale hawakuanza kwa kutafuta kasi. Walianza kwa kuondoa kasoro.

Sasa tuje kwangu. Mwaka 2017 gari la baba lilianza kuchoka. Lilikuwa gumu kuwaka likiwa na moto, na mlimani lilishindwa na pikipiki. Fundi wetu alilipima akatikisa kichwa. Vile vyuma vya kuziba vilikuwa vimekwisha. Akanipa njia mbili: kuifungua injini ileile na kuitengeneza upya, au kutafuta nyingine.

Hapo ndipo kifungua mimba wangu alipoingia. Wakati huo alikuwa akisomea ufundi wa mitambo chuoni, na magari yalikuwa wimbo wake mchana na usiku. Alijua hata jinsi Mazda ilivyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans kule Ufaransa mwaka 1991 kwa gari la rota nne, jambo ambalo hakuna kampuni ya Kijapani iliyokuwa imewahi kulifanya. "Baba," akaniambia, "kwa nini tutengeneze ndogo na kubwa ipo? Tutafute ile ya RX-7 iliyofuata, yenye turbo."

Nikauliza tofauti. Akanitolea daftari. Injini yetu, iitwayo 12A, ilikuwa na ujazo wa sentimita 1,146. Ile kubwa, 13B, ina 1,308. Yetu ilikuwa na nguvu za farasi mia moja na ushei. Ile yenye turbo ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1985 ilikuwa na 185. Na gari letu lote halikufika kilo 1,100.

Akaniongezea hoja iliyonimaliza kabisa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huku ni pungufu kuliko la Mombasa kwa karibu asilimia 18. Injini ya kawaida huvuta hewa hiyo nyepesi ikapungukiwa nguvu. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo husukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, hivyo hufidia kile ambacho mlima umenyang'anya. Nikamtazama kijana nikaona kumbe karo yangu haikupotea bure.

Mama watoto alitusikiliza akiwa anachambua sukuma wiki. "Baba watoto," akasema, "gari la mzee ni la Jumapili. Mnataka kukimbizana na nani?" Hatukuwa na jibu, kwa hivyo tukacheka.

Tulizunguka majuma matatu tukianzia maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Injini za mitumba kutoka Japani ni nyingi, lakini ya rota ukiiulizia wauzaji hukutazama kama umeulizia jino la kuku. Mwishowe tuliipata Industrial Area ikiwa na turbo, giaboksi, nyaya na kompyuta yake. Nilichukua mkopo wa sacco, nikailipia.

Ndugu msomaji, usidanganywe kwamba kubadilisha injini ni kutoa hii na kutia ile. Rota za 13B ni pana kuliko za 12A kwa milimita kumi kila moja, kwa hivyo injini ni ndefu zaidi kwa milimita 20. Mapachiko yake hayakulingana na ya gari letu, ikabidi fundi ahamishe kifuniko cha mbele cha injini ya zamani, kwa kuwa ndicho kinachokaa kwenye egemeo. Gari letu lilitumia kabureta, na pampu yake ya petroli ilitoa mafuta polepole. Injini mpya hunyunyiziwa mafuta kwa shinikizo kubwa, kwa hivyo tukabadilisha pampu na mabomba. Hapo fundi hakutaka mzaha. Alitueleza kwamba injini ya rota yenye turbo ikikosa mafuta ya kutosha, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake na kuvivunja vile vyuma vya kuziba papo hapo. Tukaweka rejeta kubwa, kwani mashine hiyo ina joto jingi. Tukajifunza pia kupima oili kila mara, maana injini ya rota huila oili kwa makusudi ili kulainisha vyuma vyake. Si ugonjwa, ndiyo tabia yake.

Kazi hiyo ilichukua miezi mitano ya Jumamosi. Nakiri kwamba miezi hiyo ilikuwa mitamu. Kabla ya hapo kijana wangu na mimi tulikuwa watu wa salamu tu: "Shikamoo baba," "Marahaba," basi. Chini ya boneti tukawa marafiki. Alinifundisha kusoma mchoro wa nyaya, nami nikamsimulia habari za babu yake.

Siku injini ilipowaka, fundi aliniita kando. "Mzee," akasema, "umebakiwa na pesa?" Nikamjibu kwamba zipo kidogo. "Basi zote ziende kwenye breki. Hizi ni za mwaka 1979, diski mbele na drumu nyuma. Zilitengenezewa ile injini nyingine."

Unajua nilifanya nini? Nilinunua rimu mpya na kulipaka gari rangi nyekundu. Breki nilisema zingoje mwisho wa mwezi. Nilitaka majirani waone.

Jumamosi moja ya Desemba mwaka huohuo tuliondoka, mimi na kijana, twende Naivasha kuwasalimu jamaa. Mlima wa kwenda Limuru tuliupanda kama tunateremka. Kila nilipokanyaga, turbo ilipiga mluzi na migongo yetu ikashikana na viti. Kijana alicheka mpaka machozi. Nami, mzee mzima, nikacheka pia.

Tukashika barabara ya Mai Mahiu, ile inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa. Ukiwahi kupita huko unajua: upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde, na malori yanayojikokota kama siafu. Nilikuwa na mwendo nisiouzoea. Kila kona nilikanyaga breki kwa nguvu, kisha nikaliachilia gari tena. Kona ya kwanza, ya pili, ya tano. Nikasikia harufu kama ya kamba inayoungua. Kona iliyofuata nilikanyaga, na mguu ukaenda hadi chini pasipo kuzuiwa na chochote.

Mbele yetu lilikuwamo lori la mizigo.

Sikumwambia kijana neno, lakini alikuwa ameuona mguu wangu. Niliingiza gia ya tatu, kisha ya pili. Injini ya pistoni ingenisaidia kushika gari. Ya rota hushika kidogo sana, na hii ya turbo hubana hewa kidogo kuliko ile tuliyoitoa. Ikalia kwa sauti kubwa, lakini gari likaendelea. "Baba, handibreki!" kijana akapiga kelele. Kebo ya handibreki huenda kwenye magurudumu ya nyuma, na haitegemei ile oili iliyokuwa imechemka. Niliivuta kidogo kidogo huku nimebonyeza kifungo isijifunge, nikaomba Mungu. Tulifuata nyuma ya lori lile kwa karibu kiasi cha kusoma matope kwenye namba yake, mpaka nikaona nafasi ya changarawe kando ya ukuta wa mlima. Nikalielekeza gari huko, likaparuza, likasimama.

Tulikaa kimya muda mrefu. Moshi ulitoka magurudumu ya mbele. Baadaye kijana akauliza kwa sauti ndogo, "Baba, si ulisema breki zimetengenezwa?"

Msomaji wangu, swali hilo lilinichoma kuliko hofu ya lori. Nilikuwa nimemdanganya. Alikuwa ameniuliza wiki iliyotangulia, nikamjibu juu juu kwamba fundi ameshughulikia. Nikamwambia ukweli palepale kando ya barabara, na nikamwomba msamaha. Si kawaida yetu wazee kuwaomba watoto radhi, lakini siku hiyo niliona ni heri aibu kuliko matanga.

Breki zilipopoa zilirudi, kwa kuwa oili iliyochemka ilikuwa imetulia. Tuliteremka kwa mwendo wa jongoo mpaka tukalipita lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, tukaliacha gari Mai Mahiu, tukapanda matatu.

Fundi alipoifungua mifumo ile alikuta oili ya breki nyeusi kama kahawa. Hakunikaripia. Alisema tu, "Mzee, ukipenda boga penda na ua lake." Gari lilikaa gerejini mpaka nilipomudu diski magurudumu yote manne, mabomba mapya na oili mpya. Rimu zile niliziuza ili kufidia gharama. Rangi sikuweza kuiuza.

Basi nakuachia haya. Ukitaka kuliongezea gari nguvu, anza na vitu vya kulisimamisha: breki, magurudumu na usukani. Kisha upoozaji, kisha mafuta. Injini iwe ya mwisho. Usisahau karatasi pia. Ukibadilisha injini, maelezo katika hati ya usajili yamebadilika, na ni wajibu wako kuiarifu mamlaka ya usajili, NTSA, na kumweleza mwenye bima yako. Bima uliyokatia gari la nguvu mia moja inaweza kukukana siku ya ajali.

Na wewe kijana, mzazi akikujibu juu juu kuhusu jambo la usalama, muulize tena kwa heshima. Mtoto wangu angeniuliza mara ya pili, huenda ningeona haya.

Gari la baba lingali nami. Nalitoa Jumapili, tunazunguka mtaani na kurudi. Wahandisi wale wa Japani walianza kwa kuondoa kasoro. Nami sasa, kabla ya kuwasha, hukanyaga breki mara tatu, na kijana akiwa kando yangu hunitazama mguu.