Lugha ya Mama

Herufi za Kirusi ni 33, na zinazosumbua si zile ngeni. Ж imekaa kama mdudu aliyebanwa kwenye ukurasa. Unaikariri siku hiyohiyo. Tabu iko kwa zile unazodhani unazijua. В ni v. Н ni n. Р ni r, С ni s. Kibao kilichoandikwa РЕСТОРАН unakisoma "pektopa", kumbe ni mgahawa tu. Wiki mbili za kwanza nilisoma kidole kikiwa juu ya mstari kama mtoto wa darasa la kwanza, na mimi niko mwaka wa pili wa uzamili, tena wa isimu.

Darasa letu ni la jioni, hapa Dar es Salaam, watu tisa. Wapo wanaosubiri ufadhili wakasomee udaktari. Yupo kijana anayetaka kazi kwenye hoteli za Nungwi, maana watalii wa Kirusi wanakwenda sana Zanzibar. Yupo mzee mstaafu ambaye hajasema sababu yake. Zamu yangu ilipofika nilisema mama yangu anakijua Kirusi. Mwalimu akaniuliza, "Sasa mbona hakukufundisha?"

Mama alikwenda Kharkiv mwaka 1984. Mwaka mmoja wa lugha, kisha sita ya udaktari. Alirudi Juni 1991, na kabla mwaka haujaisha Umoja wa Kisovieti haukuwapo tena. Kharkiv ukawa mji wa Ukraine huru. Nyumbani kwetu Kirusi kilikuwa kitu cha simu. Mara mbili tatu kwa mwaka alipiga yule aliyekuwa naye chumba kimoja bwenini, na mama yangu, mtu asiyecheka ovyo, alicheka kicheko ambacho sisi wanawe hatujawahi kukipata kwa Kiswahili. Tulikuwa tunakaa koridoni kumsikiliza. Nilipomwomba anifundishe alinijibu, "Maliza Kiingereza chako kwanza."

Niseme ukweli, Mswahili haanzi mikono mitupu. Kitabu cha kiada kinakuandaa kwa upole eti nomino zina jinsia tatu na kivumishi lazima kizifuate. Jinsia tatu! Sisi tunasema kitabu kizuri, mti mzuri, nyumba nzuri, na hakuna aliyetupa pole. Hata majina yana kwao: mwalimu wetu huitwa kwa jina lake likifuatiwa na la baba yake, na mtu wa pwani aliyezoea bin na binti haoni ajabu yoyote.

Kinachonitoa jasho ni mkazo. Kiswahili kinauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mambo yanakwisha. Kirusi kinautupa popote. Замок ukiukaza mwanzo ni ngome, ukiukaza mwisho ni kufuli. Halafu kuna "naenda". Huwezi tu kwenda. Lazima useme kama unakwenda kwa miguu au kwa chombo. Nilimtumia mama sentensi yangu kwamba naenda chuoni, akajibu kwa neno moja: "Daladala?"

Februari 2022 Kharkiv ulianza kupigwa mabomu. Rafiki yake alilala siku nyingi kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi, na mama akawa analala na simu mkononi. Miezi kadhaa baadaye ukaja ujumbe mrefu. Mama aliusoma, akauweka, akausoma tena. Ulikuwa kwa Kiukraine. Huyu ni mtu aliyezaliwa na kukulia katika Kirusi, ndiye aliyekuwa akimsahihisha mama bwenini, na sasa alikuwa amekiacha. "Hii і ya nukta nilikuwa naiona kwenye vibao tu," mama akaniambia. "Sisi wageni hatukufundishwa." Alikuwa anaelewa kama nusu.

Nilijiandikisha baada ya hapo. Mwenzangu mmoja wa idara aliniuliza kwa nini Kirusi, tena sasa hivi, na sikuliona swali hilo kuwa la kijinga. Mizinga inayoupiga ule mji inaamrishwa kwa lugha hii. Ujana wa mama yangu nao uko ndani yake, wote, na hauko kwingine. Mama nilipompa habari alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Na yeye tutamwambiaje?"

Jumapili moja tuliketi mezani na ule ujumbe. Mimi nasoma kwa sauti, yeye ananipiga mkono kila ninapokosea mkazo, ingawa hana hakika Kiukraine kinaukaza wapi. Maneno mengine tuliyakisia. Tulipofika mwisho akachukua simu aandike jibu, akasita. Kirusi ndicho pekee alichonacho cha kumwandikia. Mwishowe akaanza na neno la asante kwa Kiukraine, дякую, alivyolisikia zamani sokoni, akalipachika ь katikati isiyotakiwa, na yaliyobaki akayaandika kwa Kirusi.

"Ataudhika?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyekaa naye miaka saba.

Jibu lilifika kesho yake, kabla mama hajaenda zamu. Lilikuwa kwa Kiukraine, na mstari wa kwanza ulikuwa wa kumsahihisha tahajia.