Kidole cha Sita

Mchoro wangu wa kwanza wa babu una kasoro tele: kichwa ni kikubwa kuliko kifua, na mkono wa kulia una vidole sita. Nilipoanza kuumudu uchoraji niliuonea haya, nikataka kuuchoma. Bibi akanizuia: “Usiuchome, mjukuu wangu. Hivi ndivyo babu yako alivyokuwa akiketi.” Kweli, bega moja limeinama, kofia imelala upande.

Leo naweza kuchora mkono barabara, lakini babu hayupo tena wa kuketi mbele yangu. Ndiyo maana hata beti zangu za mwanzo, ambazo mizani hazikutimia 16 katika kila mshororo, nimezihifadhi pamoja na mchoro ule. Kidole cha sita sijakifuta.