Mizani ya Gurudumu

Ubavuni mwa tairi la gari pana maandishi ambayo wengi wetu huyapita kila asubuhi bila kuyasoma. Yachukue haya: 195/65. Yasome kwa sauti, kwa Kiswahili kamili, pasi na kuyakatiza: mia moja tisini na tano, sitini na tano. Sasa hesabu kwa vidole kama tulivyofunzwa. Kipande cha kwanza kina mizani 10, cha pili 6. Jumla ni 16, na vina vyote viwili ni "no". Huo ni mshororo uliotimia, ijapokuwa ukwapi umejichukulia zaidi ya utao. (Anayesema "mia na tisini na tano" atapungukiwa na mizani moja, hilo ni lake na mwalimu wake.)

Sidai kwamba waliobuni maandishi hayo walikuwa malenga. Upana wa matairi ya magari madogo kwa kawaida huishia na tarakimu tano, 185, 195, 205, 215, na tarakimu za kimo nazo huenda kwa hatua za tano tano. Kwa hiyo kina cha "tano" hujileta chenyewe, mpaka utakapokutana na tairi la 225/40, ambalo linaishia na "arobaini" na kuvunja kina bila haya.

Mambo haya nisingeyatazama kwa jicho hili lau mpwa wangu asingeniletea swali. Ana gari aina ya Toyota Wish, lile la viti saba, na riziki yake ni kuteremsha watu kutoka Lushoto hadi Mombo, na siku zenye bahati hadi Tanga mjini. Asiyeijua barabara ya Mombo na Lushoto aelewe hivi: ni njia nyembamba iliyojipindapinda katika milima ya Usambara, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde, na dereva anayekuja mbele humwoni mpaka mmekwisha kukaribiana. Aliniandikia: "Shikamoo mjomba. Nataka kulivisha gari rimu kubwa, za 17. Muuzaji ananiambia tairi lolote la 17 litakaa. Wewe ni mtu wa kuhesabu, niambie."

Mimi ni mtu wa kuhesabu mizani, na kijana huyu anajua. Arudhi alijifunza barazani kwangu kabla hajajua gia. Nikaona nimjibu kwa lugha hiyo hiyo tuliyozoeana.

Tuanze na maana ya maandishi. Katika 195/65R15, 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 si milimita hata kidogo, ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya ule upana. R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, kutoka ukingo hadi ukingo kama miale, mpango ambao kampuni ya Michelin iliupatia hataza mwaka 1946. Na 15 ni kipenyo cha rimu, lakini kwa inchi. Mstari mmoja mfupi, na ndani yake vipimo vya desturi tatu vimeketi pamoja bila kugombana. Sisi wenye lugha iliyopokea mizani kutoka kwa Waarabu na tairi kutoka kwa Waingereza hatuna sababu ya kushangaa.

Hilo la pili, asilimia, ndilo linalowapoteza watu, na nadhani sehemu ya lawama ni ya lugha. Mafundi wetu huliita "profaili", na neno hilo halimwambii msikilizaji kitu. Mimi ningependa tuseme "kimo cha ubavu", kwa kuwa kimo tunacho, na ubavu tunao. Neno "rimu" lenyewe limetuingilia mara mbili: waandishi tunalijua kwa karatasi, mafundi kwa chuma, na sijamsikia hata mmoja aliyechanganyikiwa.

Sasa hesabu. Asilimia 65 ya 195 ni milimita 126.75. Ubavu huo upo juu ya rimu na upo chini yake, kwa hiyo ni mara mbili: 253.5. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Jumlisha, upate kipenyo cha gurudumu zima: milimita 634.5. Hiyo ndiyo idadi ya mizani aliyopewa gari na aliyelitunga. Kipimamwendo kinahesabu mizunguko ya gurudumu, na hakijui kwamba umebadilisha kitu. Gia zimepangwa kwa duara hilo, breki zimepimwa kwa duara hilo, na nafasi iliyoachwa chini ya madigadi ni ya duara hilo.

Muuzaji anasema tairi lolote la 17 litakaa. Tumjaribu. Tuchukue 195/65 ile ile, ubavu uleule, tuuvike rimu ya 17. Inchi 17 ni milimita 431.8, ongeza 253.5, unapata 685.3. Gurudumu limekua kwa asilimia 8. Dereva akiona 100 kwenye dashibodi, gari linakwenda 108, na akikata usukani hadi mwisho kwenye kona za kupanda Lushoto, yumkini tairi litakwaruza madigadi. Hili kwa lugha yetu lina jina. Ni gurudumu guni.

Wenye kukumbuka kitabu cha Amri Abedi, *Sheria za Kutunga Mashairi*, kilichotoka mwaka 1954, au wenye kukaa na wazee waliokifuata, watakumbuka jinsi guni lilivyokuwa neno zito. Mshororo ukizidi au ukipungua, haukuwa na utetezi. Lakini mtunzi alipewa njia mbili za kujiokoa: mazida, kulirefusha neno, na inkisari, kulifupisha. Nilimwandikia mpwa wangu kwamba mtengenezaji wa matairi amempa njia zizo hizo. Rimu ikifanyiwa mazida, ubavu ufanyiwe inkisari, ili jumla ibaki palepale. Ukwapi ukichukua 10, utao huridhika na 6.

Ndivyo inavyofanyika. Ukipanda hadi rimu ya 16, tairi la 205/55 linakupa kipenyo cha milimita 631.9, pungufu ya asili kwa chini ya milimita 3. Ukipanda hadi 17, 225/45 linakupa 634.3, karibu sawasawa kabisa, na 215/45 linakupa 625.3, pungufu ya asilimia moja na nusu hivi. Hata rimu ya 18 inawezekana kwa karatasi: 225/40 ni 637.2. Hapa gari ni mpole kuliko wazee wa arudhi, kwa maana hukubali tofauti ya asilimia mbili tatu bila kununa, na mshororo wa mizani 15 barazani kwetu ulikuwa unarudishwa na chai haijapoa.

Nilidhani mazungumzo yangeishia hapo. Siku mbili baadaye akaniletea picha ya tairi alilotafutiwa, la 215/45R17, bei nzuri, na furaha tele: "Mjomba, limo ndani ya arudhi." Na kweli lilikuwamo. Lakini picha ilionyesha maandishi mengine mbele ya kipimo, madogo zaidi: 87W.

Hayo nayo yana maana, na wauzaji wengi hawayataji. Herufi ni mwendo wa juu kabisa ambao tairi linaruhusiwa, na W ni kilomita 270 kwa saa. Kwa gari la Lushoto hilo halina kazi. Nambari ni fahirisi ya mzigo. Si kilo zenyewe, ni alama inayosomwa kwenye jedwali: 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615, na 87 maana yake kilo 545. Tairi la asili la kipimo cha 195/65R15 kwa kawaida huandikwa 91. Kwa matairi manne ni kilo 2,460 dhidi ya 2,180. Tofauti ni kilo 280, yaani watu wanne wazima wameondolewa katika akiba ya gari.

Mtu atasema gari tupu lina kilo 1,300 hivi, ongeza watu saba na vikapu vyao, bado hatujafika 2,180. Ni kweli endapo gari limesimama mahali tambarare na mzigo umegawanywa sawa kwa matairi yote. Kwenye mteremko wenye kona, dereva akikanyaga breki, uzito wote unaelemea mbele, upande mmoja. Tairi moja linabeba kisichokuwa chake, na hapo hapo linaangukia shimo. Isitoshe, ubavu wa 215/45 una kimo cha milimita 97 hivi, pungufu ya ule wa asili kwa milimita 30. Milimita hizo 30 zilikuwa upepo na mpira uliokuwa ukipokea kishindo kabla hakijafika kwenye rimu. Rimu ikipinda upepo huvuja. Ubavu ukibanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo, nyuzi za ndani hukatika na tairi huota uvimbe, na uvimbe huo hupasuka siku isiyo na taarifa.

Kwa haki, yapo matairi ya kipimo hichohicho yaliyoimarishwa, yenye alama ya XL na fahirisi ya 91. Hayo hubeba mzigo wa asili, kwa sharti kwamba yajazwe upepo mwingi zaidi. Dereva wa shughuli anayejaza upepo kwa kubonyeza tairi kwa kidole cha mguu asiyakaribie.

Nikamtungia ubeti, maana kijana yule hesabu huzisahau lakini ubeti haumtoki:

Mpwa wangu nakuasa, gurudumu ni mizani,
Rimu ikikua hasa, ubavu na uwe duni,
Duara ukilikosa, saa ya mwendo ni guni,
Hesabu watu, si pesa, saba wamo safarini.

Alinijibu kwa kunikosoa. "Duni", alisema, ni kitu kibaya, kitu hafifu, na mimi nilikuwa nikimkataza tairi hafifu. Basi vipi nimwamuru ubavu uwe duni? Nilimweleza kwamba asili ya neno ni "chini", kwamba udhaifu ni maana iliyopanda juu yake, na kwamba nililitumia kwa maana ya kimo. Hakukubali. Alipendekeza "ubavu uwe wa chini", ambao una mizani 8 na kina kimetimia, na lazima niseme kwamba mshororo wake unasomeka vizuri. Wangu nimeuacha kwa sababu napenda neno linapobeba maana mbili, msomaji achague.

Yaliyobaki yalikuwa ya karakana, na nayapitia haraka. Rimu za Wish ya kizazi cha kwanza zina matundu matano yaliyopangwa kwenye duara la milimita 100. Toyota nyingine nyingi hutumia duara la milimita 114.3, na rimu za hizo haziingii hata ukizibembeleza. Tundu la katikati linapaswa kukaa juu ya kitovu cha milimita 54.1, likiwa kubwa zaidi, kuna pete maalumu za kujaza pengo, la sivyo usukani utatetemeka ukichanganya mwendo. Upana wa rimu nao uoane na tairi: 205/55 hukaa vyema kwenye rimu ya inchi 6.5, ilhali 225/45 huhitaji 7 kwenda juu, na hapo upana wenyewe huanza kuutafuta ukingo wa madigadi gari linaposheheni. Mafundi wengine watakwambia watakunja ukingo huo kwa nyundo. Wanaweza. Mimi sioni sababu ya kulipigia gari nyundo ili lipendeze.

Aliishia kwenye 16: 205/55R16, fahirisi 91, ubavu wa milimita 113 hivi. Kwa sikio la malenga kipimo hicho ni kibovu, mia mbili na tano, hamsini na tano, saba kwa saba, 14 tu. Barabarani kimekaa sawa, na abiria wake, kwa maelezo yake, hawajaona tofauti yoyote isipokuwa wasichana wa Soni ambao sasa wanasema gari limependeza. Sikumwuliza zaidi.

Tairi la akiba alilibakiza lile la zamani, 195/65 juu ya rimu ya chuma ya 15. Kwa kuwa vipenyo vinakaribiana, linaweza kumfikisha kwa fundi pancha bila kulisumbua gari. Nilimwomba anitumie picha zake mbili. Ya kwanza ni ya nati, kwa sababu rimu nyingi za kununuliwa pembeni hukazwa kwa nati zenye ncha ya koni, na rimu za Toyota za aluminiamu alizokuja nazo gari hutumia nati zenye washa bapa, hivyo ni lazima ajue zipi zinakaza rimu ya chuma, na ziwemo garini pamoja na spana yake. Ya pili ni ya tarakimu nne za mwisho katika mfululizo unaoanza na DOT, ambazo hutaja wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. Lilikuwa limeandikwa 0816, wiki ya 8 ya mwaka 2016, meno yote yamo kama jipya, na kwenye ubavu nyufa nyembamba kama za mtungi mkavu. Nikamwambia hilo nalo alibadilishe kabla ya masika.